"MAMA, UNAUZA DAGAA, SIYO BENKI": fundi tovuti wa hapa mjini kanivunjia heshima mbele ya watu!

Mama Kayabo:
Wanajamvi, nimetoka ofisini kwake sasa hivi, nipo kwenye daladala narudi Kirumba, mwili mzima unatetemeka. Herufi zikiruka mnivumilie.

Jina simtaji. Wote mnamjua. Ni yule aliyewatengenezea tovuti nusu ya wafanyabiashara wa Mwanza na zote zina bluu ileile. Yule ukimpigia anasema yupo kikaoni na kwa nyuma unasikia mpira unatangazwa. Ndiye huyo.

Mimi nauza dagaa wa kukaanga wa paketi na kayabo, wale samaki wa chumvi waliokaushwa, natuma Dar, Dodoma hadi Arusha. Anayefanya biashara ya samaki anaijua Desemba ilivyo. Basi nikaona nisisubiri maji yafike shingoni, nikamfuata na daftari langu, nimeandika kila kitu kwa ustaarabu. Nikamsomea. Anatafuna chipsi mayai. Nikamaliza. Akaniambia hivi, hata macho hakuinua:

"Mama, unauza dagaa, siyo benki."

Mbele ya wateja wake! Wakacheka! Kuna kijana mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu fundi akaichukua simu yangu, akaipangusapangusa juu na chini kwa kidole chenye mafuta ya chipsi, akanirudishia. Mafuta yake yapo kwenye kioo hadi dakika hii, naandika juu yake.

Siyo benki. Kwani nilimwomba anijengee benki? Fungueni tovuti yangu sasa hivi muone. Bango la kwanza linameremeta OFA YA PASAKA. Pasaka, ndugu zangu, watu wananunua vitu vya Krismasi! Picha za paketi kazibandika kama zilivyotoka kwenye simu, moja MB 5, ukurasa wa mbele zipo 20. Pigeni hesabu. MB 100 ili mtu wa Mbagala aone bei ya dagaa! Ukurasa ukimaliza kufunguka mteja keshaolewa, keshazaa, na bando limeisha.

Na Desemba iliyopita si aliniua? Oda zinamiminika, tovuti ikazima. Kumbe ameniweka kwenye seva ya kuchangia, tumerundikwa humo na wenzangu chungu nzima, watu wakizidi tunabanwa. Na siku hiyohiyo ndiyo aliyochagua kubadilisha mwonekano! Ndiyo maana safari hii nikamwambia: nipunguzie picha, ondoa hilo bango, jaribu oda moja ya kweli tangu mteja anabonyeza mpaka hela inasoma kwenye Lipa Namba, halafu Desemba ikishaanza usiguse chochote mpaka mwaka mpya. Niwekee na sehemu ya kuandika IMEISHA. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwaka wavuvi wanapumzika, mzigo kule soko la samaki la Mwaloni unakuwa wa kugombania. Nataka mteja aone bidhaa haipo kabla hajatoa hela yake, siyo alipe kisha anitukanie mama yangu.

Nimekosea wapi hapo? Jibu lake ndilo hilo. Siyo benki. Anatafuna.

Ngosha wa Buhongwa:
Pole sana mama. Ila benki kweli siyo.

Mwenye Gesti:
Huyohuyo! Nimesoma "bluu ileile" nikaacha chai. Mimi nina gesti kule Nyegezi. Mgeni akifungua tovuti yangu anaambiwa si salama, kile kikufuli kimekatwa. Nikauliza watu wanaojua, wakaniambia kuna cheti cha usalama wa tovuti, cha bure, kinachodumu siku 90, na kikipangwa vizuri kinajihuisha chenyewe. Yeye hakukipanga. Kila kikiisha ananitoza elfu hamsini, anaiita "hela ya ulinzi". Mlinzi wa getini kwangu halipwi hivyo kwa wiki!

Mama Kayabo:
@Mwenye Gesti afadhali wewe anakuibia kimyakimya. Mimi kanitukana hadharani. SIYO BENKI, mama wa watu nimekaa na daftari langu mapajani!

Kijana wa Igoma:
Nimeingia kwenye tovuti yenyewe. Nimesubiri, nikaoga, nikarudi. Mama, ile picha ya tatu ya kayabo ina mguu wa mtu. Mguu unauzwa bei gani?

Mama Kayabo:
Mguu ni wa binti yangu, na kayabo ni safi, wameikubali mpaka Wakongo! Usinitoe kwenye mada. Mtu mzima ameambiwa siyo benki na nyie mnaangalia mguu.

Ngosha wa Buhongwa:
Mguu huo umechangia MB ngapi?

Fundi Mwingine:
Jamani, msitupake matope mafundi wote. Ukweli wa kazi ni kwamba mnatukumbuka msimu ukishabisha hodi, wote wiki moja, wote mnataka jana. Njooni Septemba.

Lakini mama alichoomba ni haki yake tena ni kazi ndogo. Picha ya simu ina upana wa pikseli 4000, kioo cha mteja hakionyeshi hata nusu yake. Ukiipunguza mpaka KB 200 jicho la kawaida halioni tofauti, na zile 20 zote zinakuwa MB 4. Jioni moja tu. Kunyamaza kugusa tovuti wakati wa msimu nako ni sahihi kabisa, hata makampuni makubwa yanafanya hivyo.

Mama, kinachonitia hofu mimi ni kingine. Domeini yako, yaani ile anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani? Hizi za .co.tz zinalipiwa kila mwaka. Kama kaandika jina lake, mkikosana umebaki na paketi zako mkononi. Dai iandikwe jina lako. Halafu chukua nakala ya tovuti nzima, uiweke mahali asipoweza kuifikia, tena leo, kabla hajaletewa uzi huu.

Mama Kayabo:
Ubarikiwe mwanangu. Mmeona mtu anavyoongea na mteja? Ameeleza, nimeelewa, hakuna aliyecheka. Yule angeniambia hata nusu ya haya ningemlipa na ya soda. Lakini hapana. Chipsi mdomoni. "Siyo benki." Dagaa hawahawa wamesomesha watoto wangu, na hata yeye nilimlipa hiyo tovuti kwa hela ya dagaa! Mbona hela ilipofika hakusema inanuka?

Karabai Moja:
Hapo kwenye hela umempiga za uso.

Ila mimi kilio changu ni mabasi. Tovuti iwe ya dhahabu, oda ziingie, halafu parseli inafika Dar imekaliwa. Desemba wanarundika mpaka juu ya mizigo ya abiria. Nilituma sangara wa moshi, boksi nimeandika kwa maki peni USIWEKE KITU JUU. Waliweka jiko la gesi.

Dada wa Sengerema:
Basi lako lilifikisha! Sisi huku tuliambiwa daraja la Kigongo–Busisi likiisha shida zimekwisha. Limefunguliwa 2025, gari linapita linateleza, foleni ya kivuko hakuna tena. Parseli yangu bado inalala Mwanza. Nikiuliza wakala ananijibu "iko njiani". Njia ipi, wakati daraja naliona?

Kijana wa Igoma:
@Karabai Moja lile jiko lilifika salama?

Karabai Moja:
Jiko lilifika zima. Sangara walikuwa unga.

Mama Kayabo:
Jamani turudini kwenye mada. Nataka ushauri, nimjibu WhatsApp au nirudi palepale ofisini nimwambie mbele ya watu walewale?

Mama wa Watatu:
Mabasi yana nafuu. Kuna fundi wa sare, simtaji, wa Makoroboi wanamjua. Shule zinafunguliwa Januari, kila mwaka nampa kitambaa mapema, na kila mwaka shati linakuja mkono mmoja mrefu. Nikilalamika anasema mtoto atakua.

Mwenye Gesti:
Yule anayepima kwa macho?

Mama wa Watatu:
Huyo! Futi kaivaa shingoni, anapima kwa macho!

Dada wa Sengerema:
Alinikatia sketi ya binti yangu kwenye kitambaa cha mteja mwingine. Mama wa watu alinifuata getini kwa shule akaishika ile sketi huku mtoto kaivaa.

Mama Kayabo:
Kwa hiyo mimi niende au nisiende?

Ngosha wa Buhongwa:
Nani ana fundi sare mwaminifu maeneo ya Buzuruga? Nina watoto wanne, wote wamehamishwa shule, nataka kabla sikukuu hazijaanza.

Mama wa Watatu:
Njoo inboksi nikuelekeze. Kitambaa nunua mwenyewe, na usiondoke mpaka akikate mbele yako.