Mhusika wako alitokaje nyumbani? Tupeane uzoefu, wachezaji wa Goma wa michezo ya kuigiza wahusika mezani kwa dadu

Mwana wa Birere: Jumamosi kijana mpya alituletea mhusika wake: mpiga panga, wazazi waliuawa na majoka, anataka kisasi. Wa nne mwaka huu! Nikamuuliza: huyu anadaiwa na nani? Kesho atakula nini? Akanyamaza. Wa kwenu mliwatoa wapi?

Chukudu20: Wangu mwizi. Alisukuma chukudu ya mjomba, ile baiskeli ya mbao, akibeba makala (makaa), ikaibiwa mikononi mwake. Anaingia mapangoni atafute pesa ya kulipa ile chukudu. Miezi saba hajamaliza deni. Tukigawana hazina, meza nzima inajua kwa nini anang'ang'ania.

Binti Kivu: Deni! Hilo ndilo linatoa mtu nyumbani.

Mzee wa Dadu: Sikubali. Shida hizo tunazo mchana kutwa. Tangu Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii, itoke mwaka 1974 watu wanacheza wapate falme, koo, laana. Wangu nilimwandikia kurasa sita.

Chukudu20: Kurasa sita, Mzee, nani anazisoma?

Mzee wa Dadu: Msimulizi wangu, anayeongoza mchezo, alizisoma zote. Heshimu kazi ya mtu.

Yaya wa Majengo: Nisameheni, nitaandika refu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, mbingu nyekundu, tulitoka mbio. Mdogo wangu, miaka tisa, nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto. Watu walipobanana nikamwachia kidogo ili niweke godoro sawa kichwani. Kugeuka, hayupo. Tulimpata siku ya tatu, mji wa Sake, kwa mama mmoja aliyekuwa anamlisha viazi.

Nilipoanza kucheza nikatengeneza mlinzi wa misitu. Volkano sikuiandika. Niliandika tu: "Mkono wa kushoto habebi kitu." Wenzangu walidhani ni jeraha la vita. Siku moja tukafika kwenye daraja linalokatika, upande huu sanduku la dhahabu, upande ule mtoto wa muuza chumvi. Msimulizi akasema nirushe dadu. Sikurusha. Nilinyoosha mkono wa kushoto mwenyewe, pale mezani, nikaanza kulia. Mchezo ukasimama. Siku ile ndipo nilielewa kwa nini huyo mlinzi hutembea nyuma ya kundi: anahesabu watu.

Binti Kivu: Yaya, pole. Mdogo yuko aje?

Yaya wa Majengo: Yuko. Naye anacheza, mchawi wa moto, mbishi sana.

Pande Ishirini: Msimulizi alikosa. Kabla ya kuanza, kila mtu aulizwe kisiri ni kitu gani kisiguswe.

Chukudu20: Angejuaje? Ukisema yote mapema, meza inapoa.

Pande Ishirini: Ipoe! Mtu ni mtu kabla ya mchezo.

Mzee wa Dadu: Hapo niko na Pande Ishirini. Na Yaya, sentensi yako moja imeshinda kurasa zangu. Lakini ukoo msiuache, jamani, hata jina la bibi tu.

Binti Kivu: Mimi nasema mwacheni na swali moja asilolijua mwenyewe. Wangu hajui nani alilipia shule yake.

Mwana wa Birere: Yule kijana nimemsomea haya yote. Amefuta majoka. Ameandika: "Anatembea na ufunguo wa nyumba iliyofunikwa na makoro, mawe ya volkano." Jumamosi tunaanza saa nane, Katindo. Yaya, uje na mdogo wako. Kiti kipo.