Mafundi rangi wa Dar, acheni kutuibia! Nyekundu ya tabaka tatu haipigwi mara moja

Wakuu, salaam. Huu uzi nilikuwa nao kifuani muda mrefu, nikawa najizuia ili gereji wapate nafasi ya kurekebisha walichoharibu. Nafasi nimewapa. Sasa hata simu hawapokei, kwa hiyo naandika.

Gari ni Mazda CX-5, ile nyekundu inayowaka juani, namba ya rangi 46V. Bodaboda alinipita kushoto kwenye foleni ya Mwenge, kishikio chake cha breki kikachora mlango wa nyuma kuanzia chini ya kitasa hadi mwisho wa mlango, kikamalizia na mikwaruzo myepesi kwenye matgadi. Akatokomea. Huyo nimeshamsamehe. Hawa mafundi sijawasamehe.

Nilikwenda gereji inayosifiwa sana hapa mjini, jina silitaji, wakisoma watajijua. Fundi mkuu akapiga picha kile kibandiko cha namba ya rangi, akaniambia, "Hizi tumezipiga nyingi sana, dada yangu. Laki tatu, tunakurudishia kama ilivyotoka Japani." Nikamuuliza waziwazi, "Fundi, hii si ndiyo ile ya tabaka tatu?" Akasema, "Tunajua, ondoa wasiwasi." Naomba mlishike hilo jibu, kwa sababu ndilo lililonitoa laki tatu mfukoni.

Kwa wasioijua hii rangi: Mazda walianza na nyekundu yao ya 41V mwaka 2012, ndiyo mnayoiona kwenye Atenza na Demio nyingi, kisha ikaja hii 46V na CX-5 mpya iliyoonyeshwa mwishoni mwa 2016. Chini kuna tabaka lenye chembechembe za alumini zinazorudisha mwanga. Juu yake kuna tabaka jekundu linalopitisha mwanga, halafu klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, la kung'arisha. Mwanga unapenya ule wekundu, unagonga alumini, unarudi tena kupitia wekundu, ndiyo maana gari inaonekana ina kina. Sasa lile tabaka la kati likiwa jembamba kidogo, rangi inapauka. Likizidi, inakolea hadi inaelekea damu ya mzee. Yaani ukiwa na rangi sahihi kabisa kwenye kopo bado unaweza kuharibu kwa idadi ya mikono tu (yaani umepuliza mara ngapi), kwa umbali wa bunduki ya kupulizia, hata kwa presha ya kompresa, kwa sababu chembechembe za alumini zinalala tofauti rangi ikipigwa mbichi sana au kavu sana. Kwa hiyo mtu akikuambia "namba tunayo, inatosha", huyo hajui kazi au anakudanganya.

Gari nilikabidhiwa saa moja usiku, ndani ya banda lenye taa nyeupe za mirija. Mlango ulikuwa unang'aa, mwekundu, safi. Nikalipa.

Asubuhi jua likapiga. Ukisimama mbele ya mlango, unaona kitu kinachokaribiana. Ukisogea ubavuni, ukiwa usawa wa taa ya nyuma, mlango wa mbele unawaka na ule wa nyuma umekufa, umekuwa rangi ya tofali. Mstari wa kuachana unauona pale pale milango inapokutana. Nikainama kuangalia vizuri: chini ya kitasa klia imechuruzika machozi mawili yakakaukia hapo, kitasa chenyewe hakikufunguliwa, wamezungushia tepu tu, kwa hiyo kuna ukingo wa rangi unaoweza kuunyanyua kwa kucha. Mpira wa dirisha una vumbi jekundu. Ndani ya klia mna punje za mchanga. Laki tatu.

Nikarudi siku hiyo hiyo. Fundi mkuu hakutoka hata kivulini kuja kuangalia. "Dada, hayo ni macho yako. Jana si uliiona iko sawa?" Nikamwambia njoo tusimame wote hapa juani. Alipofika akabadilisha wimbo: gari yako ni ya zamani, jua la Dar limeshaila rangi, hakuna fundi duniani atakayeipatia.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Ndiyo, rangi hufifia kwa jua, hakuna anayebisha. Lakini kama unajua imefifia, kwa nini umechanganya kwa namba bila kulinganisha na gari yenyewe? Na ile habari ya kuniita usiku, nayo naijua sasa. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa na zikaachana juani, kwa sababu tona, yaani rangi za msingi zilizochanganywa, si zile zile. Kila fundi rangi anayejiheshimu analijua hilo, ndiyo maana analinganisha nje, mchana, tena kwa kutazama mbele na ubavuni. Kukabidhi nyekundu ya metaliki usiku chini ya taa ni kumfunika mteja macho.

Subirini, kuna kubwa zaidi. Niliwadai kopo lililobaki, wakanipa bila kufikiri. Nikalipeleka duka la rangi eneo la Gerezani hapa Dar, kwa mzee mmoja anayechanganya rangi kwa mizani na kompyuta. Akatia kijiti, akakiinua juani, akakipaka kwenye bati na kuacha kikauke kidogo. Akaniambia, "Mama, hii ni nyekundu ya metaliki ya kawaida. Hii inapigwa moja, halafu klia. Ya kwako ina makopo mawili, la chini na la kati." Akanionyesha na fomula ya 46V kwenye kompyuta yake: kweli, ni michanganyiko miwili tofauti, kila mmoja na tona zake. Kwa hiyo hawa jamaa hawakukosea kiwango. Hawakupiga tabaka tatu kabisa! Walichukua nyekundu inayofananafanana, wakapiga mara moja, wakanitoza bei ya tabaka tatu. Wakuu, huo ni wizi, nashindwa kuuita jina lingine.

Kazi yenyewe inavyotakiwa, kama alivyonielekeza huyo mzee: unachukua vipande kadhaa vya bati, vyote unavipiga tabaka la chini, kisha cha kwanza unakipa mkono mmoja wa tabaka la kati, cha pili miwili, cha tatu mitatu, unaendelea. Vyote unavitia klia, maana bila klia rangi haijaonyesha sura yake. Vikikauka unavibandika juu ya gari iliyooshwa na kupigwa polishi, juani, unachagua kinachopotea machoni. Halafu hauishii kwenye mlango mmoja. Rangi unaisogeza taratibu hadi kwenye mlango wa jirani na matgadi, ikififia kidogo kidogo mpaka jicho likose pa kushika, ndipo unapiga klia vipande vyote vizima. Ni kazi ndefu na inakula mali. Sawa, niambie bei yake! Sema laki sita, nitajua kama ninayo au sina. Usinitoze laki tatu kwa kazi ya laki moja.

Na ile matgadi? Mikwaruzo yake haikuwa inashika kucha, na ukiilowesha maji ilikuwa inapotea, maana yake imeishia kwenye klia. Hiyo ni ya polishi tu kwa mkono mtulivu. Wao wakaweka mashine na dawa kali, wakang'ang'ania kwenye kona ya mkunjo hadi klia imetoboka, sasa kuna doa limefifia ambalo halikuwepo kabla ya bodaboda wala baada yake. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya msingi ya chini kabisa) mpaka klia, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150 tu, na klia ni kama theluthi yake. Huwezi kusugua hapo kama unasugua sufuria.

Wenye gari nyeupe za lulu msidhani hayawahusu. Toyota namba 070 nayo ni ya tabaka tatu: nyeupe chini, lulu katikati, klia juu. Angalieni Harrier na Crown zinazopita barabarani zina bampa nyeupe kavu na boneti inayometameta. Wengi wamepigwa 040, nyeupe ya kawaida, wakaambiwa "nyeupe ni nyeupe". Bampa ni plastiki, na hata kiwandani huweza kutofautiana kidogo na bodi, hilo sawa. Lakini tofauti ya kuonekana ng'ambo ya barabara haitoki kiwandani.

Kingine kilichoniuma, na hiki hakihusu gari langu. Aliyepuliza mlango wangu ni kijana mdogo, nilimkuta akipuliza gari nyingine amejifunga kitambaa puani. Hadina, ile dawa ya kukaushia inayochanganywa na hizo klia, ina kemikali iitwayo isosayaneti, inaharibu mapafu na kuleta pumu, na kitambaa hakiizuii. Bosi anayeshindwa kumnunulia huyo kijana barakoa ya kemikali yenye vichujio, utamtegemea vipi anunue makopo mawili ya rangi yako?

Kuna watakaokuja hapa kusema "ungepeleka kwa mwakilishi rasmi". Sio kila mtu ana uwezo huo, na mafundi wazuri wa mtaani wapo, wanaofanya kazi safi wakiwa na kompresa yenye kichujio cha maji na banda lililomwagiwa maji kutuliza vumbi. Hao ndio wanaochafuliwa jina na matapeli wa aina hii.

Ninachotaka kwa gereji ile ni hiki. Rudisheni laki tatu, na mlipie klia ya matgadi mliyoitoboa. Kurudia kazi sitaki, hamtaugusa mlango wangu tena. Risiti ninayo, kopo ninalo, picha za usiku na za mchana ninazo, na ujumbe mlionitumia wa "tabaka zote tatu tumepiga" ninao.

Na kwenu wadau: mwenye fundi aliyewahi kupiga 46V au 41V kwa vipande vya majaribio, akaipatia, naomba mawasiliano PM pamoja na picha ya gari ikiwa juani, ipigwe kutoka ubavuni. Nipo tayari kulipia vipande vitatu, mlango, mlango na matgadi.