Mliowahi kuishi Ayalandi: tupeane kumbukumbu za muziki wa jukwaani enzi za ujana

Mzee wa Rathmines: Wakuu, jana redio imepiga Thin Lizzy, ile bendi ya rock ya Dublin, nikaacha chakula mezani. Waliosoma Dublin miaka ya 80 njooni hapa. Mie nilifika 1982, mweusi, mwembamba, afro kubwa, na kila nikikatiza Grafton Street hakosekani mlevi wa kuniita "Philo!" Ati nafanana na Phil Lynott, mwimbaji wao Lizzy, yule mtoto wa Crumlin ambaye baba yake alitoka Guyana. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikawa napunga mkono. Jamaa wa Mayo niliyekaa naye chumba kimoja hajawahi kuniita jina langu tena. Lynott alipowekewa sanamu Harry Street, 2005, jamaa akanitumia picha kalikumbatia, kaandika "nimekuona mjini". Haya, nani ulimwona wapi, na umebaki na nani?

Kariakoo Halisi: Umenipeleka mbali mkuu. Baa ya Whelan's, Wexford Street, lile sanamu la mzee pale kaunta! Nilishawahi kuliomba linipishe.

Bahari_Shwari: Hahaha hata mimi.

Msukuma Original: Tamasha la kasri la Slane 1981, U2 waliwafunika hao Lizzy wenu.

Mzee wa Rathmines: U2 walitangulizwa, Lizzy ndio waliofunga shoo. Ulikuwepo?

Msukuma Original: Nilisimuliwa.

Mzee wa Rathmines: Basi tulia.

Nesi Mstaafu: Nawasoma tu tangu asubuhi, lakini mkishataja Slane inabidi niseme. Tarehe 1 Juni 1985, Bruce Springsteen, yule mwanamuziki wa Marekani. Nilikuwa mwanafunzi wa unesi, msichana wa Machakos, na wenzangu wa hosteli wakanivuta twende mbele kabisa. Jua linawaka, jambo ambalo kule ni habari ya gazetini. Sasa waliofika wanajua: pale kasri uwanja wote umeteremka kuelekea mto Boyne, jukwaa liko chini. Wa juu wakisogea hatua moja, ninyi wa chini ndio mnaolipia.

Alipopanda tu jukwaani, wakaja. Miguu yangu ikaachana na ardhi. Sitii chumvi, nilikuwa nimebebwa na mabega ya watu, mikono imebanwa mbavuni, kiatu cha kushoto kimekwenda. Nataka kupiga ukelele, pumzi hakuna. Mbele yangu kulikuwa na msichana wa nywele nyekundu, simjui hanijui. Akageuka, akaniona nilivyo. Akashika mkanda wa mkoba wangu, akauzungushia kiganjani, akaniambia nimtazame usoni, nisitazame chini, nivute pumzi pale watu wanaporudi nyuma. Maana lile wimbi linakwenda na kurudi. Yeye anahesabu, mimi navuta. Anahesabu, navuta. Mpaka mabaunsa wakatunyanyua juu ya uzio, yeye kwanza akakataa, akasema nianze mimi.

Mkiniuliza Springsteen alikuwaje, nilimwona kisogo, nikiwa nimelala kwenye nyasi mguu mmoja peku.

Huyo msichana ni wa Roscommon. Alisimamia harusi yangu Nairobi, na binti yangu wa kwanza ana jina lake. Mama, Mungu amrehemu, alimsukia kiondo, na mpaka leo anaendea nacho dukani.

Bahari_Shwari: Dah. Pole dada.

Kariakoo Halisi: Kiatu kilipatikana?

Nesi Mstaafu: Wapi!

Msukuma Original: Uzi umetekwa huu. Si tulikuwa tunamwongelea Lynott?

Kariakoo Halisi: Lynott alifariki Januari 1986. Nesi yuko hai, mwache aongee.

Mtu wa Tanga: Mie pombe situmii, lakini baa ya Cobblestone pale Smithfield, Dublin, walinizoea na soda yangu ya machungwa. Zamu yangu ya kununua ikifika, nanunulia meza nzima Guinness.

Msukuma Original: Ulikuwa unaliwa mchana kweupe.

Mtu wa Tanga: Baba alipofariki ni walewale walevi waliopitisha kofia nikapata tiketi ya kurudi kuzika. Wewe mezani kwako nani amewahi kukuchangia? 2021 palipotaka kujengwa hoteli pale, walinirushia video wakiwa barabarani na fidla zao wanaandamana. Halmashauri ya jiji ikaikataa hoteli. Nilifurahi utadhani nina hisa.

Mama Eli: Samahani wakubwa, kijana wangu anakwenda kusoma Galway Septemba. Anapiga ngoma vizuri sana. Abebe djembe?

Mzee wa Rathmines: Asithubutu. Kwenye sesheni za baa bodhrán, ile ngoma yao ya Kiayalandi, moja inatosha, na hata huyo mpigaji wake wanamvumilia tu.

Msukuma Original: Abebe, kule wanapenda vitu vya Afrika.

Mtu wa Tanga: Aende Crane Bar, Sea Road. Asikalie viti vya wapigaji hata akivikuta vitupu. Na mtu akianza kuimba bila ala, anyamaze, hata chenji asidai.

Kariakoo Halisi: Asiende baa, akasome. Ada ya nani hiyo?

Nesi Mstaafu: Aende baa mama, akijifungia chumbani hiyo mvua itamla. Viatu vya kamba, avifunge barabara.

Bahari_Shwari: Na koti.

Mama Eli: Asanteni. Sasa djembe iende au ibaki?

Mzee wa Rathmines: Ibaki.

Msukuma Original: Iende.