Amplifaya ya KEF LS50 Meta: wati 45, 60 au 80?

pembe_ya_sebule
Wadau, salaam. Spika ni KEF LS50 Meta, sebule mita 4 kwa 5, sakafu ya vigae, kiti kiko mita 3 kutoka kwenye spika. Zimebaki amplifaya tatu: Marantz PM6007, Cambridge Audio CXA61 na CXA81. Muziki ni taarabu na rumba, saa nyingine kwa sauti ya juu. Je, kuna haja ya kuongeza hela hadi CXA81? Na hizo wati 80 haziwezi kuunguza spika?

wati_halisi
Mkuu, anza na spika. LS50 Meta hutoa desibeli 85 kwa volti 2.83, ukipima mita 1. Ni nzito kusukuma. Kwenye kiti chako, spika zote mbili zikipiga na kuta zikirudisha sauti, wati 1 kila upande inakupa takriban desibeli 80. Kuanzia hapo, kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo wati 32 ni desibeli 95, na kutoka 60 kwenda 80 unapata desibeli 1.25. Hiyo hutaisikia kirahisi.

Angalia omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme: zikiwa chache, amplifaya inafanya kazi zaidi. KEF wameandika omu 8, ila pembeni wakaweka kiwango cha chini kabisa: 3.5. Inapofika huko chini, spika inadai ampea nyingi, na hapo ndipo amplifaya dhaifu huanza kulegeza besi. PM6007 ni wati 45 kwa omu 8 na 60 kwa omu 4. CXA61 ni 60 na 90. CXA81 ni 80 na 120. Marantz inapanda theluthi, Cambridge zote mbili zinapanda nusu. Chukua CXA61, hela inayobaki nunua stendi na zulia nene. Vigae vitupu vinaharibu sauti kuliko tofauti ya CXA61 na CXA81. (Na yale maboksi ya "PMPO 5000W", wati za matangazo tu, usiyalinganishe na chochote hapa.)

fundi_relei
Kwenye kuungua, watu wanaogopa kitu kisicho tatizo. Wati 80 safi haziui spika ya wati 100 kama hiyo yako. Kinachoua twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ni amplifaya ndogo iliyokabwa mpaka inakata vilele vya wimbi: sauti inakwaruza, na nguvu inayokwenda kwenye twita inaongezeka bila kupumzika. Ukisikia mkwaruzo, punguza papo hapo. Usipime nguvu kwa alama za kitasa cha sauti pia. Pleya ya CD hutoa volti 2 hivi, kwa hiyo nguvu yote inaweza kuwa imeshaisha kitasa kikiwa katikati tu.

pembe_ya_sebule
Shukrani. Kuna spika nyingine za omu 6 za jikoni. Naweza kuziunga kwenye B, yale matundu ya jozi ya pili ya spika nyuma ya amplifaya?

fundi_relei
Kuziunga unaweza, kuwasha A na B kwa pamoja usithubutu. 3.5 na 6 sambamba ni omu 2.2, na hizo 6 za kwenye kibandiko nazo hushuka. Ulinzi utakata sauti, au itachemka tu. Piga A peke yake au B peke yake, na juu ya amplifaya acha nafasi ya sentimita 10.

wati_halisi
Waya: milimita za mraba 2.5 zinatosha kwa mita 4 au 5 kila upande. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe dukani.

Ukipata amplifaya ya mtumba, soma volti nyuma kabla ya kuchomeka. Za soko la Japani ni volti 100, za Marekani 120. Kwenye soketi ya 230, fyuzi ikikatika peke yake una bahati. Mara nyingine transfoma nayo inaondoka.