Bazazi: muuza nguo au mlaghai?

Nauleta mjadala huu mbele ya wenzangu wa Amu (Lamu), Pate, Siu na Malindi kwa sababu jina la bazazi linazidi kuharibiwa, na pamoja nalo inaharibiwa heshima ya kazi ya watu walioivisha pwani hii kwa karne nyingi. Leo ukimwita mfanyabiashara bazazi umemtukana, na kamusi zetu zimeyakubali matumizi hayo, kwani zikishasema kwamba ni mfanyabiashara huongeza kwamba ni mjanja au laghai. Je, jina hili lilizaliwa likiwa tusi, au lilikuwa jina la kazi likachafuliwa baadaye?

Mimi nashikilia kwamba lilikuwa jina la kazi, tena kazi moja mahususi. Kwa Kiarabu, bazz ni nguo na bazzaz ni muuza nguo, na muundo huohuo ndio uliotupa hamali anayebeba mizigo na dalali anayemtafutia mwenye mali mnunuzi. Wapo wanaodai kwamba bazazi limetokana na bazari, yaani soko kwa Kiajemi, kwa hiyo ni mtu yeyote wa sokoni. Dai hilo siliafiki. Bandari nalo ni neno la Kiajemi na limeingia kwetu na r yake kamili. Sioni sababu ya r ya bazari kugeuka z midomoni mwa watu wale wale. Isitoshe, Wahindi nao walilipokea neno hilo la Kiarabu, likawa jina la ukoo la Bajaj, na kutokana na kampuni yenye jina hilo ndugu zetu wa Tanzania wanapanda bajaji kila siku, pengine bila kujua kwamba wanamtaja muuza nguo.

Tukumbuke pia ni nani waliofanya kazi hiyo. Sayyidna Abubakar alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na Imamu Abu Hanifa aliuza vitambaa vya hariri katika mji wa Kufa, Iraki. Kwa watu wa miji yetu, ambao wamesoma sira, yaani maisha ya Mtume, tangu chuoni, hoja hiyo peke yake ingetosha kuonyesha kwamba jina la kazi hii halikuanza kwa aibu.

Basi doa lilitoka wapi? Kwa maoni yangu, lilitoka kwenye kipimo. Nguo ilikuwa bidhaa kuu ya pwani: Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 waliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi, Pate ilisifika kwa hariri iliyofumwa huko, na baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na Marekani, merikani, yaani kitambaa cha pamba kutoka Marekani, ilienea hadi bara, ambako ilitumika kama fedha. Nguo inapokuwa fedha, kila shibiri ina thamani. Jora hukatwa kwa wari, yaani yadi, doti ni wari nne, na kabla ya wari kuzoeleka watu walipima kwa dhiraa, yaani kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na mikono ya watu hailingani. Muuzaji anaweza kukivuta kitambaa wakati wa kukipima, kikirudi mahali pake kikawa kifupi. Nguo iliyotiwa wanga mwingi nayo huonekana nzito dukani, ikifuliwa mara moja huwa nyepesi. Sura ya 83 ya Kurani inafungua kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na naamini wanunuzi waliopunjwa ndio walioligeuza jina la kazi kuwa jina la wizi.

Najua nitajibiwa kwamba maana ya neno ni ile wanayoitumia watu, na kwamba hata tajiri kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu, lakini kwetu ni mwenye mali hata kama hajauza sindano. Ni kweli, wala siombi tajiri arudishwe dukani. Lakini tajiri lilipandishwa na bazazi likashushwa, na anayeumia ni mtu aliye hai. Muuza leso wa Amu huikunjua leso mpaka maandishi yake yasomeke, akangoja mnunuzi ayasome na kuyapima kama yanamfaa yule anayekwenda kupewa. Kazi ya subira namna hiyo haistahili kubeba jina la mlaghai, hasa ilhali tuna ayari, laghai na tapeli, maneno yanayotosha kabisa kumtaja mdanganyifu.

Ninachopendekeza ni kwamba kamusi ziiweke maana ya muuza nguo mwanzo, na walimu waifundishe hivyo. Anayepinga alete ushahidi wa zamani, na wenye daftari za biashara za wazee wao zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wazifungue watuambie muuza nguo aliandikwa kwa jina gani.