Naomba ushauri: nitatenganishaje athari ya haraka ya estrojeni na ile ya polepole katika seli za ubongo?

Ndugu wataalamu, naomba msaada wenu. Ninachunguza jinsi estradioli, aina kuu ya estrojeni, inavyobadilisha mawasiliano ya seli za neva katika hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambako watafiti Catherine Woolley, Bruce McEwen na wenzao walionyesha mwaka 1990 kuwa vijinundu vya matawi ya seli (mahali seli zinapopokelea ishara) huongezeka na kupungua ndani ya mzunguko wa homoni wa siku 4 hadi 5, jambo ambalo hadi leo hunistaajabisha.

Nikiweka homoni kwenye kipande chembamba cha ubongo, mawimbi ya umeme kwenye skrini huanza kupanda baada ya dakika chache tu, ilhali kazi inayopitia kwenye kiini cha seli, ya kuwasha jeni na kutengeneza protini mpya, kwa kawaida huchukua saa kadhaa. Nashuku kwamba athari hii ya haraka inatokana na vipokezi vya homoni vilivyo kwenye utando wa nje wa seli. Nimefikiria kutumia estradioli iliyofungwa kwenye albumini, protini kubwa, ili isipenye ndani ya seli, lakini nachelea kwamba kiasi fulani kitaachana na protini hiyo na kuniharibia ushahidi wote.

Mliowahi kupita njia hii, mlihakikishaje? Je, kuzuia utengenezaji wa protini kungetosha peke yake?