Nalomba ushauri: ile siku miguu ilijua kazi yenyewe, mbona hairudi?

mwana_katuba:
Yambo bandugu. Miye nacheza fowadi. Mwezi wa tatu tulicheza matchi kule Ruashi, bon, toka dakika ya kumi hivi sikusikia tena kelele, mupira naiona kubwa, inakuya polepole, nikafunga tatu, refa anapuliza mwisho miye nafikiri tuko mitan, mapumziko tu! Toka siku ile natafuta ile hali, nalala mapema, navaa soksi zile zile (musicheke), hakuna. Sasa mbele ya goli nafikiria mguu niuweke namna gani, njo mupira inaenda ku mapaa ya bantu.

mizaha_tu:
Soksi unazifuaka? 😂

yaya_wa_saiko:
Peti, iko na jina, banaiita floo. Mihaly Csikszentmihalyi, musaikolojia Muhungaria aliyehamia Marekani, aliuliza bapanda miamba, bacheza shesi, badansi, hata bapasuaji, na bengi bakasema ni sawa maji ya muto inakubeba. Vitabu vyake vilitoka 1975 na 1990. Anasema kazi ikipita uwezo wako unaingia woga, ikiwa nyepesi sana unachoka roho, floo iko katikati, tena lazima ujue unatafuta nini na uone palepale kama umepata. Sasa we uliacha kutafuta goli unatafuta ile raha.

kocha_kampemba:
Miye mambo ya vitabu sijui. Nakuuliza: kisha ile matchi nini ilibadilika?

mwana_katuba:
Eh... binamu alianza kunifilimu na telefone, anaweka ku statusi, mangaribi tunaangalia byote.

kocha_kampemba:
Aaah, njo pale! Unacheza na macho ya binamu. Unafikiri Kidiaba, kipa wa Mazembe, kule Abu Dhabi 2010, Mazembe inapiga Internacional ya Brazil 2-0, alikuwa anajiuliza matako yake inaonekana namna gani akirukaruka nayo chini kushangilia goli? Mguu uangalie ku antrenema, hata kutwa nzima. Ku matchi chagua kintu kimoja tu inje ya mwili wako, miye bafowadi bangu nabaambiaka kona ya neti, basi.

yaya_wa_saiko:
Kocha anasema kweli, hata basaikolojia banajua ile: fundi akianza kusimamia kila musuli, mwili unakauka.

mwana_katuba:
Aksanti sana bakubwa. Siku ya yenga tuko na matchi. Binamu amekasirika, anasema statusi yake ilikuwa imeshapata bantu. Nimemwambia afilimu kipa.